Mfuko Aliouchagua Shangazi Arlene

Shangazi Arlene Tuinstra alishona viti vya ofisi kwa zaidi ya miaka thelathini katika kiwanda kimoja cha Michigan ya magharibi, cherehani namba kumi na nne, safu ya pili kutoka dirishani. Kazi yake ilikuwa migongo ya viti, kitambaa juu ya sponji. Kitambaa cha kiti ni kigumu na lazima kivutwe kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vilivyoharibika kwanza. Mkono wa kulia ukafuata. Alipofika miaka sitini na moja alikuwa hawezi kufungua chupa ya achari bila kuniita. Nilikuwa nikiishi chumba cha juu nyumbani kwake tangu nilipomaliza chuo, na nilifanya kazi katika ofisi ya utumishi ya kiwanda hichohicho, nikipanga mafaili na kuikwepa simu.

Alikuwa ameshaweka tarehe ya kuacha kazi: Ijumaa ya mwisho ya Juni, akiwa ametimiza sitini na miwili. Aliiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa penseli, kwa sababu kwetu kuandika jambo la mbele kwa wino ni kumwamulia Mungu.

Kiwanda kilikuwa hakilipi pensheni. Kila mfanyakazi alikatwa sehemu ya mshahara, kampuni ikaongeza kidogo juu yake, na fedha hizo zikaingia katika mifuko ya uwekezaji ambayo mfanyakazi mwenyewe aliichagua kwenye orodha. Mifuko mingi ilinunua hisa za mamia ya makampuni kwa pamoja, mingine ilinunua hati fungani. Mmoja, ule wa kwanza kwenye orodha, ulilipa riba ndogo isiyoyumba. Mpango ulipoanza mwaka 1989 watu walikusanywa kantini, wakapewa donati na fomu, wakaambiwa warudishe fomu siku ya Ijumaa.

Shangazi hakujua lolote kuhusu mifuko. Alichojua ni kwamba nyumbani kwa baba yake karata hazikuingia na bahati nasibu haikutajwa mezani. Wiki ileile wazee wa kanisa walikuwa katika ziara zao za vuli, wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza hali ya roho za watu. Aliyekuja kwake alikuwa Marvin Kloosterman, mzee wa kanisa aliyekuwa bado kijana, na pia mhasibu wa kiwanda. Shangazi aliona ni bahati. Akamwekea kahawa na keki ya lozi, akaleta fomu.

"Mzee Kloosterman, hizi hisa ni kitu gani hasa?"

"Ni kamari iliyovaa tai, dada Arlene."

Shangazi akatia alama kisanduku cha kwanza, ule mfuko wa riba, asilimia mia moja.

Kwenye cherehani namba kumi na tano aliketi Graciela Arredondo, Mkatoliki, aliyenunua tiketi ya bahati nasibu kila siku ya mshahara. Yeye aliweka zake zote katika mfuko mmoja wa hisa kwa sababu, alivyosema mwenyewe, ndio uliokuwa na jina refu kuliko yote. Kwa miaka wakataniana juu ya kelele za mashine.

"Arlene, hela zako bado zimelala?"

"Zimelala, hazijafa. Za kwako zimelewa?"

Mwaka 2008 hisa ziliporomoka karibu nusu. Shangazi alimpelekea Graciela sufuria ya supu ya njegere kama anayekwenda kwa mfiwa, na aliniambia baadaye kwamba njia nzima ya kurudi alijisikia mwepesi, kisha akatubu. Graciela hakugusa kitu. Alisema hajui fomu ya kubadilisha inapatikana wapi.

Machi ya mwaka 2019 Graciela aliaga kazini. Kulikuwa na keki kubwa ya mraba na msimamizi aliyesoma jina lake vibaya. Watu walipotawanyika alimsogelea shangazi.

"Shoga, na wewe umebakiza miezi mitatu. Umeziangalia zako?"

"Zipo."

"Najua zipo. Ni ngapi?"

"Kwetu hatuulizani hivyo."

"Basi mimi nitakwambia zangu," alisema Graciela, akamnong'oneza.

Shangazi aliweka uma chini. Walikuwa wameanza mpango mwezi uleule, kwa mshahara uleule, wakikatwa kiasi kilekile. Za Graciela zilikuwa karibu mara tatu ya zake.

Kesho yake saa ya chakula alikuja ofisini kwangu na aproni yake, nyuzi zimemganda mabegani. Akaniomba nimpigie hesabu: akiondoka Juni, atalipwa nini kila mwezi, na kitatosha mpaka lini. Nikachapisha. Kwa malipo ya uzeeni ya serikali, yaliyopunguzwa kwa sababu ya kuwahi, na bima ya afya ya kujilipia kwa miaka mitatu mpaka ile ya serikali ya wazee ianze, akiba ingekwisha kabla hajafika sabini na moja. Mama yake alikufa akiwa na miaka tisini na nne.

"Niondoke lini basi?"

"Sitini na saba. Au zaidi kidogo."

Aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Haya mafaili unayashika wewe."

"Ndiyo, shangazi."

"Ulikuwa unajua nimeziweka wapi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoajiriwa. Miaka miwili. Ofisi inatukataza kumshauri mfanyakazi kuhusu mifuko. Ukishauri, halafu akapata hasara, kampuni inaweza kushtakiwa."

"Tunakula meza moja, Beth. Sikusema unishauri. Ungesema tu, shangazi, hebu uliza."

Ninasoma vitabu vingi na sentensi moja kama hiyo haikuwahi kunijia mdomoni.

Akavuta kiti. "Nipe hiyo fomu ya kubadilisha. Nizihamishie kwenye hisa zote, leo."

Hapo ndipo nilipovunja sheria ya ofisi, baada ya kuvunja kila kitu kingine kwa kuitii. Nilimweleza kwamba hisa zinamfaa mwenye muda. Zikianguka leo, mtu wa miaka thelathini anangoja zinyanyuke, lakini yeye ana miaka mitano tu na hana pa kuchota pengine. Angeweza kuhamisha kidogo. Nyingi zibaki zilipo.

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Yaani kwa miaka thelathini Kloosterman alikuwa amekosea, na sasa ndiyo amepatia."

Jumapili iliyofuata Mzee Kloosterman alikuwa amerudi kutoka Florida, anakokaa majira ya baridi, uso umeiva kwa jua. Baada ya ibada watu hunywa kahawa chini ya kanisa, wamesimama. Shangazi alimwendea moja kwa moja, nami nikamfuata nikiwa nimebeba vikombe vyote viwili.

"Mzee, za kwako za kiwandani uliziweka mfuko gani?"

"Mwanzo uleule wa riba, kama wewe," alisema kwa furaha, kama anayekumbushwa ujana. "Halafu mwaka tisini na nne wakanitia kwenye kamati ya mpango. Akaja mtaalamu kutoka Chicago, akatuonyesha michoro. Nikagundua kumbe nilikuwa sijaelewa. Nikahamisha zote."

"Tisini na nne."

"Kama sikosei."

"Vuli ile ulikuja kwangu. Ukaja na mwaka uliofuata. Ulikuja miaka sita mfululizo, ukala keki."

Mzee alikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Ziara ni kwa ajili ya roho, dada Arlene, si kwa mambo ya fedha. Na wewe hukuniuliza tena."

"Sikukuuliza tena kwa sababu ulishanijibu."

"Sikukushika mkono ukatia alama."

"Hapana. Nilitia mwenyewe."

"Nitakuombea."

"Viombee vidole," alisema shangazi, akachukua koti lake.

Juni aliifuta tarehe kwenye kalenda. Daktari alimwandikia asishone, kiwanda kikamhamishia meza ya kukagua lebo, kwa mshahara mdogo zaidi, anakosimama kutwa. Hakulalamika nyumbani. Aliacha tu kuniita nifungue chupa. Alizigonga kwenye kona ya sinki mpaka kifuniko kilegee.

Vuli ilipofika akaja mzee wa kanisa mpya, Brent Hoeksema, kijana mwenye daftari. Aliuliza maswali yote kwa mpangilio, na mwishoni lile linaloulizwa kabla ya Meza ya Bwana.

"Kuna jambo lolote kati yako na ndugu mwingine wa kanisa?"

"Lipo."

Brent aliinua kichwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kupata jibu hilo.

"Ni... jambo kubwa, mama?"

"La miaka mitano ya kuongeza kazini."

"Amekukosea nini?"

"Alijua, akanyamaza."

Niliangalia kikombe changu.

"Utaratibu unasema mpatane kwanza, ndipo ushiriki Meza," alisema Brent taratibu. "Ukienda kwake, akikuomba radhi..."

"Nilikwenda. Akasema ataniombea."

Brent alishika kalamu juu ya daftari kwa muda, kisha akalifunga bila kuandika. Aliaga kwa adabu nyingi, na keki akaiacha.

Jumapili ya Meza ya Bwana, Mzee Kloosterman alikuwa ameshaondoka kwenda Florida wiki iliyotangulia. Sinia la mkate lilipita kwenye viti, mkono kwa mkono. Nilichukua kipande changu, nikampa shangazi sinia. Alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja ungeliangusha, akageuka na kumpa aliyekaa upande wa pili bila kuchukua kipande.