Mtafiti aliniuliza nategemea nini maishani, ndugu zangu wakanijibia

Salamu kwenu wakuu, wa mjini na wa migombani.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, nyumbani kwetu Mwika, mwaka huu huu. Majina nimebadilisha, maneno ni yale yale. Kama kuna wa kwetu humu atakayenitambua, anyamaze tu.

Siku ile sebuleni tulikuwa mimi, mdogo wangu Aika aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Sanya Juu, kitinda mimba wetu Anaeli, shangazi yetu anayeishi jirani na sisi, yaani dada yake marehemu baba, na binti mmoja mwanafunzi wa chuo ambaye nitamwita Mtafiti. Hakuna mwingine.

Kwa wasiojua historia yangu: baba alitangulia, mama akafuata nikiwa form two. Aika alikuwa shule ya msingi, Anaeli hata darasa la kwanza hajaanza. Nikaweka daftari pembeni nikashika jembe. Sikulia sana, muda haukuwepo. Kahawa, ndizi, ng'ombe mmoja wa maziwa, tukafika.

Sasa huyu Mtafiti aliletwa na mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa anafanya utafiti wa saikolojia, kuhusu matumaini na ustawi wa watu waliolea wadogo zao. Kwa maneno mengine, anataka kujua kama mtu anayetegemea mema mbele anaishi kwa amani zaidi kuliko asiyetegemea.

Akaomba tuongee mimi na yeye peke yetu.

Wakuu, huku kwetu mgeni aliyetoka mbali haachwi na mtu mmoja kama vile kaja kudai. Nikamwambia hapana, tutakaa wote, chai iko jikoni. Yule binti alisita, akaangalia karatasi zake, akakubali. Nadhani kule chuoni hawakumfundisha kumkatalia mtu aliyeshika birika.

Akaanza na sentensi. Anakusomea, wewe unasema unakubali kabisa, unakubali kidogo, au hukubali. Shangazi akaomba aanze yeye kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Mambo yangu kwa kawaida huishia pazuri."

"Nakubali kabisa," akasema shangazi.

"Sioni kama kuna jema kubwa linanisubiri."

"Nakubali kabisa."

Mtafiti akainua kichwa. "Shikamoo tena shangazi. Hizi mbili zinapingana."

"Marahaba mwanangu. Umepanda mlima wote huu kwa miguu, nitakukataliaje?"

Tulicheka mpaka Anaeli akamwaga chai. Yule binti naye akacheka, lakini niliona amefuta kitu kwenye karatasi.

Baada ya hapo akafika kwenye zoezi. Akasema kila mtu afumbe macho, aone maisha yake miaka kadhaa mbele, kila kitu kimeenda vizuri kadiri kinavyoweza kwenda. Halafu aeleze anachokiona. Asiseme anachoomba, aseme anachokiona.

Aika akaanza. Akasema anajiona ana duka lake la dawa Sanya Juu, ana watoto wawili. "Ni Desemba, tunafika nyumbani jioni, watoto wanakimbia, Dada ameshapika mtori wa ndizi, unanukia mpaka barabarani."

Anaeli akafuata. Huyu anaoa mwisho wa mwaka. Akasema anaona nyumba mpya ya vigae, mke wake yuko mlangoni, kahawa imechanua. "Na Dada yuko kule kwa ng'ombe, ananiuliza kama nimekula."

Shangazi akasema yeye hana haja ya kufumba macho. "Mimi niko hapo chini ya migomba nimeshalala, huyu ndiye anapalilia kaburi langu." Akanionyesha mimi kwa kidole.

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka.

Halafu Mtafiti akaniambia, "Na wewe dada?"

Nikafumba macho. Wakuu, sikuona kitu. Sisemi niliona kibaya, la. Palikuwa patupu, kama ukungu wa asubuhi ukishuka msituni usione hata mti wa jirani.

Nikainuka nikasema naenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Niliporudi nikaanza kueleza: Anaeli ameoa, Aika amefungua duka...

"Hao ni wao," Mtafiti akasema taratibu. "Wewe uko wapi?"

Nikasema niko hapa, nimefurahi kwa ajili yao.

"Unafanya nini?"

Nikamwongezea chai. Kikombe kilikuwa kimejaa.

Mwisho nikamwambia hapo paache kwanza. Akapaacha. Wakati namsindikiza mpaka barabarani nikamuuliza kama nimefeli. Akacheka, akasema hakuna kufeli. Akaniambia wao wanapozungumzia matumaini hawamaanishi kuchekacheka au kusema itakuwa sawa. Wanataka kujua kama mtu akiitazama kesho anajiona yumo.

Akapanda pikipiki akaenda zake. Mimi nikabaki na hilo neno.

Toka siku hiyo sikutulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nilikuwa nafuata nini. Nilipalilia kahawa iliyokwisha kupaliliwa. Kanisani mchungaji anahubiri, mimi nakunja na kukunjua kitambaa. Watu wakisema "wewe dada una moyo wa chuma" nilikuwa nafurahi zamani, sasa nasikia kama wanaongelea chombo cha jikoni.

Niwaeleze kitu kimoja ili mnielewe. Kwetu Uchaggani, kihamba cha nyumbani, yaani shamba lenye nyumba na makaburi ya wazee, huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho. Sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama na baba mdogo alipotaka kumega upande wa mfereji, nikamwambia hiki ni cha Anaeli, atakua atakikuta. Nimekitunza ili nimkabidhi.

Ila sikuwahi kujiuliza, nikishakabidhi naenda wapi. Na hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwisho wa mwaka lile jiko linapata mwenyewe. Mchumba wa Anaeli ni binti mzuri, ana heshima, sina neno naye. Lakini jiko moja halina wenyewe wawili.

Siku moja tunakata ndizi za kupeleka sokoni, Anaeli akanichokoza.

"Dada umenuna."

"Sijanuna."

"Huo mbuni umeupalilia wiki nzima. Utaung'oa."

Nikaweka panga chini. Nikamwambia nataka kuondoka baada ya harusi.

Akashtuka. "Nani kakuudhi? Mchumba wangu amesema neno?"

"Hajasema."

"Sasa kwenda wapi?"

"Mjini. Nataka kumaliza shule."

Akageukia zizini, akasema, "Na ng'ombe?"

Wakuu, nisiwe mwongo, hilo neno liliniuma kuliko yote niliyopitia. Na sidhani alikuwa na ubaya. Lilimtoka kama linavyomtoka mtu anayeona ukuta wa nyumba unataka kutembea.

Jioni Aika akapiga simu, ameshaambiwa.

"Dada una stress, pumzika. Nani amekukosea? Sisi tunakuwazia mema tu. Si ulisikia, tumekuweka kwenye picha zetu zote."

Nikamwambia, "Mmeniweka jikoni, Aika. Wote."

Akasema atapiga baadaye.

Wiki iliyofuata nilishuka Moshi. Niliambiwa kuna kituo kinachofundisha watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne wakitokea nyumbani. Nilipita pale getini, nikapitiliza, nikarudi, nikapitiliza tena mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Ndani nilikuta mama mwenye mvi kama za shangazi anagombana na hesabu ya sehemu, na kijana wa kufundisha anamwambia, "Mama, usiifute, umepatia nusu." Nikasimama dirishani mpaka kipindi kikaisha. Nikajiandikisha. Niliandika jina langu vibaya, nikalikata, nikaandika tena.

Naanza mwakani.

Niliporudi nilikuta kikao nyumbani. Anaeli alikuwa amemwita shangazi, nadhani ili anikataze. Akajieleza kwamba amefikiri, yuko tayari kunikatia kipande juu ya mfereji nijengewe chumba changu, nikae hapo hapo, nisihangaike na mji. Alikuwa amekwisha kupima kwa kamba. Najua kwa mila zetu ni jambo kubwa kijana kusema hivyo kwa dada yake, na nililia.

 Shangazi akamuuliza, "Ulimuuliza anataka nini, au umemgawia?"

Anaeli akasema, "Nimemgawia."

"Basi muulize."

Akanigeukia. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni, amevaa shati la kazini, kamba bado iko mkononi. "Dada, unataka nini?"

Nikamwambia nataka kusoma. Nataka chumba kimoja mjini chenye ufunguo ninaoushika mimi. Hicho kipande akiache kwanza, asikiuze wala asikijenge, nitamwambia. Na ng'ombe ajifunze kumkamua yeye, kesho asubuhi tunaanza.

Ameanza. Ng'ombe anampiga teke kila siku. Aika bado ananiongelesha kama mgonjwa, lakini juzi aliniuliza nitasoma masomo gani. Nikajiona mtu.

Nisiwadanganye kwamba nimetulia. Usingizi ni wa kuokoteza. Kuna asubuhi naangalia ile kahawa najiuliza nimerogwa au vipi, mtu mzima kuacha kwake kwenda kukaa kwenye dawati. Naweza nikafeli. Mjini naweza nikashindwa. Lakini sirudi nyuma, wanaonijua wanajua.

Nilichojifunza: mtu anaweza kuwa na matumaini makubwa sana na yote yakawa ya watu wengine. Anaonekana ana furaha, hata yeye anajiona ana furaha, kumbe hajawahi kujiweka kwenye kesho yake. Kama una dada au kaka aliyewalea, usimpangie mema. Muulize, halafu nyamaza asikie sauti yake mwenyewe. Inaweza kuchukua muda.

Nyie mliolea wadogo zenu, hebu semeni. Mlipomaliza, mlijikuta wapi? Na wale mliolelewa, mlishawahi kuuliza? Matusi pia nitasoma, msihofu.

Mtafiti amepiga simu. Atapanda tena baada ya masika, anasema kwenye karatasi yangu ile sehemu moja bado iko wazi na ananidai. Mpaka sasa nikifumba macho naona meza, na mkono wangu unaandika. Kinachofuata baada ya meza sijakiona. Bado ananidai.