Farasi Aliyevutishwa Dawa

Kwetu Zombe tulimjua punda. Farasi tulimwona kwenye picha za shule ya Jumapili tu, akizama baharini pamoja na jeshi la Farao. Kwa hiyo nilipoolewa na saisi wa ranchi moja nje kidogo ya mji wa Sultan Hamud, mama yangu aliniuliza kama huyo mwanamume ana kazi au ana mchezo. Nilimweleza kwamba kazi yake ni kulisha farasi, kuwaosha na kuwachana nywele. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kati ya farasi wa ranchi ile kulikuwa na jike mmoja wa rangi ya kahawia, mpole, umri umeenda, ambaye mume wangu alimpenda kupita kiasi. Nilimwita mke mwenzangu. Ukimkosa mume wangu nyumbani usiulize majirani, nenda bandani. Na huyo mke mwenzangu alikuwa na kifua. Kila kiangazi, malisho yakikauka na marobota ya nyasi yakianza kufunguliwa, alikohoa. Pua zikatanuka, tumbo likawa linasukuma pumzi kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Ilikuwa miaka ya themanini, na mwenye ranchi alikuwa amechoka kuyaona hayo. Alisema akimkuta tena katika hali ile atampiga risasi, maana ni dhambi kumwacha mnyama afe polepole kwa kukosa hewa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini siku hiyo mume wangu hakula.

Daktari wa mifugo akaja na mashine ya kutumia umeme wa jenereta. Iligeuza dawa ya maji kuwa ukungu, na ukungu ukapita kwenye mpira hadi ndani ya kifuniko alichofungwa farasi puani. Wakati huo nyasi mbichi zilikuwa bado zipo, na farasi mwenyewe alikuwa mzima wa afya.

"Daktari, huyu hakohoi," mume wangu akasema. "Sasa tunatibu nini?"

"Hatutibu, tunazuia. Hii dawa lazima ifike kwa kifua kabla ya vumbi. Akishaanza kukohoa, umechelewa."

"Ni kama kuchanja ng'ombe?"

"Si hivyo kabisa, lakini umekaribia. Na hii inaisha nguvu, lazima urudie."

Mume wangu alishika kila neno kuhusu mashine. Tatizo ni kwamba alichokiona pale, na tulichokiona sisi sote tulioishi kwenye nyumba za wafanyakazi, kilikuwa kujifukiza. Kwetu Ukambani ukishikwa na kifua unachemshiwa majani, unafunikwa blanketi pamoja na sufuria, unavuta mvuke hadi jasho likutoke. Na sharti lake analijua hata mtoto: ukimaliza, usipigwe na upepo. Basi kila baada ya dawa mume wangu alimfunika farasi blanketi, akafunga mlango, akaziba madirisha kwa magunia, akamtandikia nyasi kavu tele. Magunia hayo nilimshonea mimi. Hakuna mgonjwa wa binadamu aliyetunzwa vile katika ranchi nzima, na nilimwambia hivyo.

Malisho yalipokauka, farasi akaanza kukohoa, na safari hii vibaya kuliko miaka yote. Mwenye ranchi alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa, akasema Jumatatu atakuja na bunduki.

Bahati nzuri daktari alitangulia. Alifungua mlango, akarudi nyuma akipiga chafya. Mwanga ulipoingia tuliliona vumbi limejaa humo kama tuko ndani ya kinu cha unga.

"Nani amefunga hapa?"

"Ni mimi, Daktari. Si amefukizwa? Upepo utamuua."

Daktari hakumkaripia, na kwa hilo namwombea baraka hadi leo. "Mzee wangu, dawa inamkinga na vumbi kidogo. Hili lote hailiwezi. Huyu anataka upepo. Alale nje, na nyasi zake uziloweshe maji kabla ya kumpatia."

"Nje? Na hii baridi ya Julai?"

Alimtazama daktari kana kwamba ameambiwa amtoe mama yake mzazi. Kwetu mgonjwa halazwi nje. Anayetolewa nje ni yule aliyekatiwa tamaa. Daktari akaenda kumwomba mwenye ranchi asubiri hadi mwisho wa mwezi, na mume wangu akamtoa farasi. Kisha akarudi nyumbani kuchukua kitanda chake cha kamba.

"Unakipeleka wapi?"

"Kama yeye analala nje, mimi nitalala ndani namna gani?"

Wanawake wa kanisani walivumisha kwamba nimemfukuza mume. Niliwaacha waseme, nikampelekea blanketi zito.

Kikohozi hakikuondoka siku moja. Kilipungua kwa uchoyo, leo nafuu, kesho kinarudi, hadi tumbo likaacha kusukuma. Hapo daktari akairudisha mashine, na safari hii ikakuta kifua kilichotulia.

Mwisho wa mwezi mwenye ranchi alikuja, bunduki begani. Aliweka sikio kwenye mbavu za farasi, akakaa hivyo kitambo. Sisi tulisimama kwenye ua, na mimi nilikuwa naomba, sioni haya kusema, nilikuwa namwombea mnyama kwa Mungu.

"Amekula?" akauliza.

"Amekula, Bwana."

Akatoa risasi kwenye bunduki, akazitia mfukoni, akaenda zake.

Nilidhani mume wangu ataruka kwa furaha. Alibaki ameegemea ua, machozi yanamtiririka, wafanyakazi wote wakimwona.

"Mama watoto," akaniambia, "nilikuwa namuua, na huku namfunika."

Nikamshika mkono palepale mbele za watu, jambo ambalo watu wa rika letu hawakulifanya.