Mjomba Kosta na Maji Yaliyopanda Mlima

Harufu ya dizeli mimi huniingia puani ikashuka mpaka magotini. Ndiyo, magotini, wala sitanii. Magoti yangu ndiyo yaliyopanda na kushuka mlima wa Newala enzi za Mwingereza, na yana kumbukumbu kuliko kichwa. Juzi jioni, hapa Masasi, umeme ulikatika, kama ilivyo tabia yake tamthilia inapokolea, na mkwe wangu akaenda uani kuwasha jenereta. Ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma. Harufu ikaingia dirishani, televisheni ikarudi, na wa kwanza kutokeza kwenye kioo alikuwa yule fundi mwanamke wa chombo cha angani, uso umejaa grisi, anaigombeza injini.

Tamthilia hiyo ni ya mjukuu wangu Rehema. Mimi sijui chombo kinakwenda wapi. Tangu nianze kuangalia hakijafika. Lakini fundi wake nampenda. Baba yake ni mtu wa dunia hii yetu, mama yake ni wa watu wa nyota nyingine huko, wenye mistari usoni kuanzia paji mpaka kidevuni. Fundi naye kaipata mistari hiyo shavu moja tu, na wenzake chomboni hawaishi kumuuliza yeye hasa ni nani. Kila mama mtu akitokea, Rehema hujificha nyuma ya mto.

"Bibi, anatisha!"

Nacheka mpaka kanga inadondoka. Anatisha nini? Yule ni bibi yangu mtupu! Bibi yangu, Bibi Namkuna, alikuwa na chale uso mzima, na kwenye mdomo wa juu alivaa ndonya, kipande cha mpingo cheusi kinachong'aa, ambacho akila ugali kilipanda na kushuka kama kifuniko cha birika linalochemka. Na fundi wa nusu huku nusu kule nilishamwona pia, tena kabla televisheni haijafikiriwa. Alikuja Newala nikiwa sina meno ya mbele. Sogeeni niwaambie.

Uwanda wetu wa Makonde Mungu aliujalia kila kitu: korosho, muhogo, mbaazi, ming'oko ya kuchimba porini, upepo, na watu wa maneno mengi. Maji akayasahau bondeni. Njia ya kuyafuata ilisimama wima kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Tulikuwa tukisema kwamba binti akishuka asubuhi kuchota, anaporudi posa yake imeshaletwa na watoto wake wanamsubiri mlangoni. Nyumbani uso tulinawa kwa maji ya kujaza kifuniko. Maji hayohayo yaliosha miguu, na yaliyobaki alipewa kuku. Na mwaka huo ndio nilioambiwa kwamba sasa nimekua, niweke kibuyu chini, nibebe mtungi wa kikubwa.

Basi fikirini furaha yangu tuliposikia kwamba Serikali inaleta injini. Itakaa bondeni, itayasukuma maji ndani ya mabomba mpaka juu, yaingie kwenye tangi, na bomba la kuchotea litawekwa karibu na soko. Mabomba yakaja kwa malori. Injini ikaja, kubwa kama kanisa. Na pamoja nayo akaja Fundi Kosta.

Rangi yake ilikuwa ya chai ambayo maziwa yametiwa kwa uchoyo. Nywele zilimsimama kama nyasi za mbuga, na masharubu aliyokuwa nayo yangetosha kufagilia ua. Watu walisema ni chotara wa kutoka Lindi, baba yake alikuwa Mgiriki, makanika wa mashamba ya mkonge. Hasira aliiweka karibu kama kibiriti cha mfukoni. Injini ikimgomea, aliitukana kwanza kwa Kigiriki. Ikizidi, akahamia Kiswahili. Ikileta kiburi kabisa, aliimalizia kwa Chimakonde, na hapo sisi watoto tuligaagaa kwa kicheko, maana Chimakonde chake kilikuwa cha mtoto anayeota meno. Mwanaume mzima, masharubu yale, anaiambia mashine maneno ambayo kwetu husemwa na aliyeporwa muhogo na dada yake!

Siku ya kufungua bomba kijiji kizima kilifika. Wanawake na mitungi yao, wazee na viti vyao, mimi na ngata yangu ya kutulia mtungi kichwani mbele ya wote. Fundi Kosta akageuza bomba. Likakohoa, likatema upepo, kisha likamwaga maji mekundu.

"Damu!" akapiga ukelele mama mmoja.

Jamani, tulikimbia! Nadhani siku ile nilifika Mtwara nikarudi. Mtungi wangu ulipasukia njiani, nami sikugeuka kuuaga. Leo najua ilikuwa kutu ya mabomba mapya, lakini nani kwetu alishawahi kuona kutu ya bomba? Na wakubwa walikuwa na mashaka yao tangu mwanzo. Maji hushuka, walisema, na mtu huyafuata yaliko. Maji yanayopanda mlima yenyewe yanavutwa na kitu, na kitu chenye nguvu hizo kinakula nini? Jibu likawa limetoka bombani. Kufika jua la alasiri, Fundi Kosta alishakuwa mumiani, yule mnyonya damu wa kutishia watoto. Kwani hamwoni rangi yake? Si mweusi, si mweupe, ametokea wapi?

Yeye naye hakujisaidia. "Ni kutu!" alifoka. "Kutu, enyi watu, kutu!" Akapiga debe teke likaruka mpaka kwa muuza samaki wakavu, na waliokuwa hawajakimbia wakapata sababu.

Jumbe akatutangazia kwamba Bwana Maji, yule Mzungu mkuu wa shughuli hiyo, atapita siku ya soko. Asipomkuta mwanamke hata mmoja anachota, bomba litang'olewa lipelekwe kwingine, na fundi atarudishwa Lindi. Watu wakaitikia, "Na lipelekwe!" Mimi nikatazama magoti yangu nikayaonea huruma.

Kesho yake Bibi Namkuna alijifunga kanga yake ya kutokea, akanishika mkono, akasema twende kwenye tangi. Nilijivuta njia nzima kama mbuzi anayepelekwa machinjoni. Fundi Kosta tulimkuta amechuchumaa, anasafisha spana kwa kitambaa.

"Shikamoo, Bibi," alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Kama umekuja kuuliza baba yangu ni Mgiriki au Mwarabu, ni Mgiriki. Kama umekuja kuuliza damu naipeleka wapi, Bibi yangu, nimechoka."

"Baba yako wa nini?" alisema Bibi, ndonya ikicheza. "Mimi nauliza mama yako ni nani."

Kitambaa kikasimama. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani amelisahau jina la mama yake, nikamcheka moyoni: mtu gani asahau jina la mama yake?

"Esha," alisema mwishowe. "Esha Chilumba. Wa kijiji cha Mnyambe. Alifia kule kwenye mkonge, nikiwa mdogo."

Bibi akakaa chini palepale, juu ya madoa ya dizeli, na ile kanga ya kutokea.

"Esha mwenye mwanya? Aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini?"

"Mwanya siukumbuki," alisema Fundi Kosta polepole. "Kicheko nakikumbuka."

"Mama yake na mama yangu walitoka tumbo moja. Tuliambiwa alizaa huko, hatukuambiwa mtoto yuko wapi." Kisha akanigeukia. "We Somoe! Umekodoa macho kama bundi. Msalimie mjomba wako!"

Niwaeleze nyinyi wa leo. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, tena ni wa ukoo mzima, hakatwi vipande. Baba anaweza kuwa Mgiriki, anaweza kuwa Mchina, anaweza kushuka kutoka nyota ya huyo wa Rehema. Akishakula ugali na kushukuru, mtoto ni wa kina mama. Na mjomba si mtu wa mchezo. Mjomba ndiye anayekutetea, anayekuoza, na anayekuchapa. Sasa mjomba wangu alikuwa mumiani!

"Shikamoo, Mjomba," nilisema, na sauti ikanitoka kama ya kifaranga.

Akavua kofia. "Marahaba," alisema, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa mtu kumsalimia hivyo, maana aliitazama kofia mkononi kama hajui huwekwa wapi.

Habari zikaenea kwa kasi ya moto wa Septemba. Shangazi, mama wadogo, mabinamu, wote wakapanda kwenye tangi na mabakuli. Walimlisha mbaazi na ming'oko mpaka vifungo vya ovaroli vikaomba msamaha. Lakini maji? Hata tone. "Mtoto ni wetu, Bibi Namkuna," walisema, "ila maji yake ni mekundu." Na siku ya soko ikafika.

Siku hiyo ilikuja na lori la kutoka Masasi, na lori likaja na Mama Agnesi. Huyu alikuwa Mmakua, Mkristo wa misheni, muuza vyungu. Sauti aliyoimbia kwaya Jumapili ndiyo aliyotukania watu sokoni siku nyingine. Nasi ni watani. Yeye alituita wala panya, sisi tukamwita tuyajuayo, na hakuna aliyekwenda kulala amenuna.

Bibi akamwambia, "Tumempata mtoto wetu aliyepotea. Yule pale bombani."

Mama Agnesi akatua chungu, akajifuta mikono, akaenda kumzunguka Fundi Kosta kama anayenunua ng'ombe.

"Huyu?" alipaza sauti soko zima lisikie. "Wamakonde, hamna haya! Mkate gani huu? Upande mmoja mmeuivisha, mwingine mmeuacha mbichi! Moto uliwaishia, au mlikimbilia panya?" Akamvua kofia akaivaa mwenyewe. "Na hii nachukua. Utaikomboa kwa jogoo!"

Shingo ya Fundi Kosta ikawa nyekundu kuliko yale maji. Maneno ya namna ile alikuwa amesikia maisha yake yote huko alikotoka, na hayakuwa utani. Mkono wenye spana ukaanza kuinuka. Nikajua, na kila mtu akajua, kwamba ukishuka juu ya Mama Agnesi, basi bomba limekwisha, na mjomba wangu naye kesha kwenda.

Bibi akamvuta mkono wa ovaroli. "Kosta," alisema taratibu. "Huyo ni mtani wetu. Mgeni hatukanwi hivyo, mgeni hukaribishwa kiti. Anakutukana kwa kuwa wewe ni wetu. Mjibu!"

Akamtazama Bibi. Akamtazama Mama Agnesi, kofia imemfunika mpaka nyusi. Kisha masharubu yakaanza kutetemeka. Akaweka spana chini, akanyakua chungu kikubwa kuliko vyote cha Mama Agnesi, na kwa Chimakonde chake kilekile cha mtoto anayeota meno akapiga kelele:

"Hiki nachukua mimi! Wamakua mnafinyanga vyungu kwa sababu vichwa vyenu vinavuja! Ngoja nijaribu na hiki!"

Lo! Soko lililipuka. Wazee walianguka vitini. Muuza samaki alicheka akalalia samaki wake. Mjomba Kosta akafungua bomba juu ya chungu, Mama Agnesi akaning'inia upande mmoja wa chungu, yeye upande wa pili, matusi yanaruka kama bisi, na bomba linamwaga tu. Likamwaga mekundu, likamwaga ya rangi ya mabibo, likamwaga ya rangi ya chai, hakuna aliyekuwa na habari nayo. Mwishowe Mama Agnesi akashinda, akakikumbatia chungu chake, akaona kimejaa maji meupe mpaka nakshi za chini zinasomeka. Kutukana hukausha koo. Akainamisha kichwa akanywa.

Watu wakashika vifua, wakingoja aanguke.

"Mh!" alisema Mama Agnesi akijifuta mdomo. "Maji yenyewe hayana hata ladha, kama walioyaleta. Lakini kwa kuwa hamyataki, nitayabeba yote niende nayo Masasi."

Hapo ndipo alipotuweza. Mmakua aonje maji yetu kwanza, halafu ayadai? Mama aliyepiga ukelele wa damu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma watu kwa kiwiko. Mitungi ikagongana, ngata zikaruka. Bwana Maji alipofika na gari lake alidhani ni ghasia, akafunga mlango asishuke. Nami nilijaza debe la kuazima, nikaoga palepale mbele za watu, kwa mara ya kwanza maishani nikipoteza maji makusudi.

Nisiwadanganye: injini ile ilikuwa ikiharibika, na mlima tuliushuka tena mara nyingi. Lakini Mjomba Kosta alikuwa akikaa kule bondeni akiitukana kwa lugha zake zote, mpaka Chimakonde chake kikaota meno yote na masharubu.

Bibi Namkuna alipofariki mimi nilikuwa mke wa mtu, nasoma madarasa ya jioni ya watu wazima, kalamu mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Mjomba alisimama mbele, mahali pa watoto wa marehemu, akipokea pole. Mama Agnesi, mzee sasa, akaja akavaa ovaroli pembeni ya kaburi akaigiza jinsi mtoto wa marehemu anavyogombana na injini. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtiririka, na wazee wakasema: huyo Esha, huyo Esha mwenyewe!

Hapo ndipo nilipoelewa ule ukimya wa kwenye tangi. Mimi mtoto nilidhani amelisahau jina la mama yake. Kumbe alikuwa nalo tayari mdomoni miaka yote, na hakuwa ametokea mtu wa kumuuliza.

Juzi, jenereta ikinguruma uani, yule fundi wa angani alikuwa akiulizwa tena na wenzake: wewe ni nusu nini? Rehema naye akanigeukia na swali lilelile.

Nikamwambia, "Toka nyuma ya mto, mwanangu. Yule mwenye chale pale ndiye mama yake. Anza na huyo: msalimie."

Akachungulia. "Shikamoo," alinong'ona kuelekea kwenye kioo.

Na mimi, kwa kuwa kule nyotani hawakumsikia, nikamwitikia: "Marahaba, mjukuu wangu."