Tulikodi Nyumba Kujaribu Ndoa, Mama Akakataa Hata Maji

Naomba msimamizi wa ukurasa afiche jina langu kabisa, maana Machakos ni ndogo na wateja wangu wengi wako humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nashona mapazia na mashuka hapa mjini. Mpenzi wangu nitamwita Mutua, ingawa si jina lake. Ana miaka thelathini na sita, anasimamia upakiaji wa mawe kwenye machimbo upande wa Lukenya. Tumependana miaka minne. Nyumbani kwetu Masii wanamjua, amekuja mara mbili, akala, akashukuru, akarudi. Mbuzi wa posa ndio hawajawahi kuja.

Mwezi uliopita nilimuuliza waziwazi, tunaoana au tunazeeka tu pamoja? Akasema tujaribu kwanza. Tuchukue bnb pale Mumbuni, nyumba iliyo na kila kitu ndani, tukae mwezi mmoja kama mume na mke. Tukiwezana, atapeleka mbuzi. Eti hata kiatu hununui kabla ya kukivaa. Nilipaswa kumjibu kwamba kiatu hakina mama, lakini nilikuwa nimechoka kungoja, nikakubali. Nikaachia chumba changu, vitu vyangu nikavihifadhi kwa rafiki yangu.

Jamani, nyumba ile haijaribu chochote. Kuna mama wa usafi anayekuja Jumanne na Ijumaa. Mutua akioga, taulo anaiacha sakafuni kama yuko hotelini, kwa sababu kweli anaona yuko hotelini. Vyombo vikijaa kwenye sinki ananiambia tulia, kesho ni Ijumaa. Nilitaka kutundika pazia moja nililoshona mwenyewe, akanikataza, mwenye nyumba asije akalalamika. Mimi, fundi wa mapazia, nalala chini ya mapazia ya mtu mwingine yasiyofika hata chini. Na yeye nguo zake hazijawahi kuingia kabatini. Kila asubuhi anafungua begi, anatoa shati, anafunga zipu. Ukimuuliza anasema ni mazoea tu.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa napimwa. Nikipika ndengu anasema chumvi kidogo, nitajifunza. Nikirudi nimechelewa kwa sababu ya kazi ya mteja, ananyamaza kama mwalimu anayejaza ripoti. Siku moja nilimuuliza na yeye anapimwa na nani. Akacheka.

Mama yangu nilimwambia tu kwamba nimehamia nyumba kubwa kidogo. Hapo nilikosea, nakiri. Jumamosi iliyopita alikuja mjini kuona daktari wa macho, akitoka huko akanipigia simu nimwelekeze ninapoishi. Ningemkatalia vipi mama yangu mzazi? Alifika na mfuko wa kunde, akaona viatu vya mwanaume mlangoni, akasimama pale pale. Sisi Wakamba tunajua, ila kwa wasiojua nieleze: mama hali wala halali kwa binti yake kabla mwanaume hajapeleka mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga ndoa. Nilimletea kiti nje, akakataa kukaa. Nikamletea maji, akashika glasi, akanirudishia ikiwa imejaa. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Ndipo Mutua akatoka, ametabasamu, amepata suluhisho.

"Mama, ingia tu ukunywe chai," akamwambia. "Hapa si kwangu. Ni nyumba ya kukodi, hata vikombe ni vya mwenyewe. So hakuna mila imevunjwa."

Mama alitazama vile viatu mlangoni. Hakumwangalia usoni, kwa heshima ya mkwe ambaye hata si mkwe.

"Kama hapa si kwako," akasema polepole, "huyu mtoto wangu amekuwa akilala kwa nani?"

Mama alinikabidhi kunde zake, akageuka, akaenda stendi kwa miguu na dawa ya macho mkononi. Nilimfuata hadi barabarani nikilia, akaniambia nirudi, watu wanatazama.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba Mutua alidhani ameniokoa. Alirudi ndani akawasha televisheni, akaniuliza kwa nini nimekasirika na yeye ametetea heshima ya mama. Nikamwambia kwamba ndani ya mwezi mzima, hilo ndilo neno la kweli pekee alilosema. Hapa si kwake. Hajawahi kupanga pawe kwake. Akasema napenda kukuza mambo.

Sasa siku zetu zinaisha Jumapili, funguo zinatakiwa saa nne asubuhi. Jana Mutua aliniambia tuongeze mwezi mwingine, kwa sababu huu umeharibiwa na mama na hatujaonana vizuri. Nikikubali, eti Desemba mbuzi watafika Masii, watatu, bila maneno. Nimemuuliza kwa nini wasifike wiki ijayo. Anasema ndoa si ya kukimbiliwa.

Mama amenipigia simu mara moja tu. Amesema hatanichagulia, mimi si mtoto, ila hata Mutua akileta zizi zima, yeye hataketi kwa mtu aliyemkana binti yake mlangoni ili yeye mama anywe chai. Na mimi bado nampenda huyu mwanaume, msinicheke. Miaka minne si mchezo. Nikiondoka nitaanza upya nikiwa na umri huu, nikibaki nitampoteza mama.

Nishaurini kabla ya Jumapili, niongeze mwezi au nirudishe funguo peke yangu? Semeni lolote, hata matusi nitasoma. Ila tafadhali, asiniambie mtu nivumilie. Hilo ndilo Mutua ananiambia kila siku.