Mshenga wa Nahodha wa Anga

Juzi, nikisubiri kopi zangu kwenye steshenari moja mjini Kasulu, binti mmoja alileta daftari lake lichapwe. Alikuwa amewatungia hadithi ya mapenzi wahusika wa tamthilia ya runinga: nahodha wa chombo cha anga anamuoa rubani wa kike kutoka sayari nyingine. Mama mchapaji alipofika ukurasa wa harusi, akainua vidole kutoka kwenye kibodi.

“Mwanangu, nahodha kapeleka mshenga kwao?”

“Mama, sayari yao ni mbali sana.”

“Si ana chombo? Mimi sichapi harusi ya wizi.”

Binti akakaa kwenye benchi, akamwongeza mjomba wa nahodha, na ng'ombe watatu ndani ya chombo. Vidole vikarudi kazini.

Nikachukua kopi zangu, nikatoka. Ukweni kwangu ni hapo Muyama tu, naishi na binti yao mwaka wa sita, na hata jembe la mahari sijapeleka.