Kiuno cha Mteja

Njiti alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa. Hospitali walimpima mara tatu wakamwambia hana ugonjwa wowote. Chakula alikuwa akila sawasawa na mafundi wawili, kikapotelea kusikojulikana. Jina hilo alipewa kwenye duka la ushonaji alikofanya kazi, mbele ya wateja, naye akawa anaitika. Angefanyaje?

Pale dukani walikuwa na utaratibu wao. Fundi akimpima mteja husoma namba kwa sauti, na dada mwenye duka huandika. Ila akija mteja mnene, hakuna kusoma. Fundi humnong'oneza dada sikioni, kwa sababu mwili wa mtu ni siri yake. Jambo la heshima kabisa! Lakini mwili wa Njiti, lo, huo ulikuwa mali ya umma.

Siku hiyo alikuwa amepiga magoti akimpima mama mmoja mnene hasa, mteja wa miaka mingi, ambaye ukoo wake mzima hushonesha pale. Mama akaubana mkono wa Njiti kwa vidole viwili.

"We Njiti, mumeo hakulishi, au una minyoo? Maskini, mwanamume gani atalala na mifupa hii!"

Duka zima likacheka. Mume wa Njiti alikuwa ameondoka mwaka uliopita, na maneno aliyomwachia mlangoni yalikuwa hayohayo. Njiti akavuta futi, akasoma kama yuko mnadani:

"Kiuno, inchi hamsini na mbili!"

Mama wa watu akajifunika tumbo kwa mikono, machozi yakamtoka. Dada mwenye duka akaruka kitini.

"Una wazimu wewe? Unamdhalilisha mtu mzima! Omba radhi sasa hivi, au kibarua chako kimeota nyasi."

"Lakini dada, yeye ndiye aliyeanza..."

"Yeye alikuwa anakutania tu!"

Njiti alikuwa na watoto wawili nyumbani na hana kazi nyingine. Akaomba radhi. Tena aliomba kwa moyo, kwani machozi yale hayakuwa ya uongo, na aliyeyaleta ni yeye. Akabaki palepale chini akingoja, labda mama naye atasema neno.

Mama akafuta macho, akampapasa mgongo.

"Nimekusamehe, mwanangu. Wala si wewe, ni njaa hiyo."

Watu wakavunjika mbavu. Dada hakucheka, alikuwa anamwangalia Njiti usoni. Njiti akacheka, kwa sauti, mpaka dada alipogeuza macho.