Kitone Kidogo cha Calandria

Mume wangu Eleuterio ni mtu wa maneno machache. Miaka ishirini na sita amelisha farasi wa Don Anselmo hapa Cañuelas, na nyumba tunayolala ni ya Don Anselmo. Calandria, jike aliyeshinda vikombe vya polo mpaka kabati la bosi likajaa, Eleuterio ndiye aliyemlea kwa chupa ya maziwa.

Calandria alikufa kwa msokoto wa utumbo. Noelia, daktari wa farasi, akamtoa mayai mwili ukiwa bado na joto, akayakimbiza maabara. Likashika yai moja tu, na kiinitete hicho kikapandikizwa kwa Chola, jike la kubebea mimba. Hakuna kingine.

Sasa sikia upumbavu wetu. Siku tano kabla ya kupandikiza, nyasi za nyuma ya nyumba zilikuwa zimekauka, Eleuterio akamwingiza Pampa, dume letu la madoa, kwenye uwanja wa majike.

"Mchana mmoja tu, Delmira. Hakuna jike mwenye joto."

Kumbe Chola alikuwa nalo. Nilimwona Pampa akishuka mgongoni mwake. Tukaogopa kufukuzwa, tukafunga midomo.

Siku ya kupima, mimi nilishika mkia wa Chola, Eleuterio kamba. Daktari aliingiza mkono mpaka karibu na bega, macho kwenye kioo cha mashine.

"Vitone viwili," akasema. "Kiinitete kimegawanyika, hao ni mapacha wa yai moja. Hamna shida, nitaminya hiki kidogo abaki mmoja, wawili Chola hatawaweza."

Viinitete vya maabara huchelewa kukua, mwenyewe alishatuambia hivyo jikoni kwangu. Kidogo ndicho cha Calandria. Nikamkanyaga Eleuterio asiseme kitu. Ndiyo, nilimkanyaga, na nilikanyaga kwa nguvu.

"Ngoja, daktari," akasema Eleuterio. "Hakijagawanyika. Pampa alimpanda."

Daktari hakugeuka. "Lini?"

"Siku tano kabla hujapandikiza."

"Na mlikuwa mnangoja nini nyinyi wawili? Ubatizo?"

"Tuliogopa."

"Mngeogopa mapema. Haya, wewe ndiye uliyemleta dume. Niminye kipi? Mimi siwezi kuapa kipi ni cha nani."

Eleuterio alikuwa anatokwa jasho, na ulikuwa mwezi wa Julai, majira yetu ya baridi, barafu bado ipo kwenye birika la maji. Alinitazama. Safari hii sikumkanyaga.

"Kikubwa," akasema.

Bega la daktari lilitikisika kidogo tu. Kwenye kioo kikabaki kimoja.

Eleuterio alikwenda mwenyewe kwa Don Anselmo, kofia mkononi. Aliporudi nilikuwa nimeshaanza kufunga sufuria kwenye magazeti.

"Amesemaje?"

"Tukae mpaka Chola azae. Mtoto akiwa wa Calandria, tunabaki. Akiwa wa Pampa, tuondoke naye siku hiyo hiyo."

Huu ni mwezi wa nane wa mimba. Sijalala vizuri hata wiki moja. Kila asubuhi Eleuterio huenda kumwekea Chola kiganja tumboni, na jana mtoto alipiga teke, hata mimi niliona ngozi inaruka.

"Ni wa nani?" nikamuuliza.

"Wa Chola," akasema, na kiganja hakukitoa.